Blanketi Nililolitoa Tanurini

Changamwe, Alhamisi alasiri

Mwanangu Sidi,

Uko chumba cha pili na mimi niko hapa barazani, nakusikia ukilifunga na kulifungua hilo sanduku mara ya nne sasa. Ningeweza kukuita. Lakini nikikuita utaitika abee, utakuja kusimama mbele yangu, nami nitakuuliza kama umetia sabuni. Nimekuwa nikikuuliza habari za sabuni miaka minane, ili nisikwambie jambo hili. Basi leo nakuandikia. Barua hii nitakupa kesho asubuhi na mapema, nawe uisome kabla hujavaa viatu. Usiende nayo garimoshini ukaisomee huko, nakuomba. Utaona kwa nini.

Habari za shuka na nauli na kumtii matroni sina. Mtaa mzima umeshakuusia, hata wale ambao hawajawahi kuiona hospitali ila kwa nje. Mimi nina jambo moja, nalo linanichefua. Mchana uliniuliza, “Baba, mbona hukula, huumwi?” nikakwambia nimeshiba. Mwongo mimi. Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu jana.

Unakwenda kusomea uuguzi. Siku moja mwalimu wenu atasimama mbele yenu awafundishe ugonjwa wa ndui, unatoka wapi na unapitia wapi. Atawaambia kwamba ndui hukaa katika nguo za mgonjwa, katika shuka na mablanketi, ikimngoja mtu. Nawe si mjinga, hukuchukua akili yako kwangu. Utakaa pale na kalamu mkononi, na utaanza kukumbuka. Sitaki ulijue jambo hili kwa mwalimu, nami niko hai na nina ulimi.

Unalikumbuka tanuri? Ulikuwa na miaka tisa. Wakati ule wa vita, mafuta yote yalikwenda kwenye manowari, na makaa ya mawe yakawa adimu. Wakubwa wakakaa wakafikiri, wakaona mji una taka tele, zinaoza bure, kwa nini zisichomwe zitoe umeme? Fikira nzuri. Lakini tanuri lenyewe hawakulijenga kisiwani kwao, kulikotoka taka. Walilijenga huku kwetu. Kila asubuhi malori yakavuka Makupa na maganda yao ya maembe na matumbo ya samaki na paka wao waliokufa, yakaja kuyamwaga mbele ya pua zetu. Sisi tukazichoma. Moto ukachemsha maji ya boila, mvuke ukazungusha dainamo, na umeme ukapita kwenye waya juu ya mapaa yetu kwenda kwenye kambi ya askari na nyumba za maofisa. Maji ya moto yaliyobaki yakaenda kwa dobi wa kambi. Na wewe, mtoto wa nyapara wa tanuri, ukasoma kwa kibatari.

Hujui jinsi kazi ile ilivyokuwa, maana nilikukataza usifike. Watu hudhani taka ukizitia moto zinawaka. Thubutu! Taka za mji huu ni mbichi. Zinachemka, zinatokota, zinatoa maji meusi yanayotambaa mpaka kwenye vidole vya miguu, na funza wanatoka mbio kuukimbia moto, wanakupanda. Tukishika kulabu zile ndefu za chuma tunavuta na kugeuza, kuvuta na kugeuza, na macho yote yako kwenye saa ya mvuke. Mshale ukishuka, bwana injinia anatoka ofisini amejifunga leso puani, anatutukana. Kefule! Mimi nikishinda humo kutwa bila leso, yeye dakika mbili anaona atakufa.

Nikirudi nyumbani mamako haniachi niingie. Ndoo ya maji iko tayari nyuma ya nyumba, ameshaikamulia ndimu nzima sita. “Kadzo,” nikimwambia, “ndimu hizi si tungekula?” Ananijibu, “Na wewe nitalala nawe vipi?” Ndivyo alivyokuwa mamako, mdomo haumlali. Lakini nilikuwa naringa, Sidi. Taa za kambi zikiwaka magharibi nilikuwa nakushika mkono nakwambia, “Unaziona zile? Babako huyo.” Nikikumbuka maneno hayo sasa natamani kujipiga kofi.

Sasa nisikilize. Pale tanurini tulikuwa na desturi yetu, tukiiita haki ya kulabu. Kitu chochote utakachokinasa kwa kulabu yako kabla hakijapita mlango wa moto ni chako. Awe nyapara, awe kibarua, hakuna wa kukunyang’anya, wala hakuna wa kukuuliza. Sufuria, viatu, kiti kilichovunjika mguu, nusu ya mtaa wetu imekalia vitu vya haki ya kulabu. Asiyeokota tulikuwa tunamcheka, tunamwita padre. Na nguo zikipatikana tulikuwa tunazipika. Ndivyo tulivyosema, kupika. Unaitandaza juu ya boila, unaiacha mpaka zamu iishe, kisha unaikung’uta. Imepikwa, basi, imetakata. Hakuna mdudu wala maradhi yatakayobaki. Hakuna aliyetufundisha. Tulijifundisha wenyewe, na tuliamini kuliko tulivyoamini katekisimu.

Palikuwa na lori moja tu ambalo haki ya kulabu haikulihusu. Lilipigwa chokaa ubavuni, msalaba mweupe, na lilichukua vitu vya nyumba zilizoingia ndui. Amri ilikuwa kulitupa lote motoni kama lilivyo, mtu asitie mkono. Sisi wa tanuri tulikuwa tumechanjwa sote. Nawe ulichanjwa shuleni, ukalia siku nzima. Mamako hakuchanjwa. Kila nikimwambia, atakwenda wiki ijayo, ana nguo za kufua.

Siku ile ilikuwa ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, taka zimelowa chepechepe, na mshale wa mvuke umelala haupandi. Na jioni maofisa walikuwa na dansi yao. Injinia ametoka mara tano, amekuwa mwekundu, anasema taa zikizimika dansini atatufukuza sote. Ndipo likaja lori la chokaa. Sidi, tulifurahi. Nakwambia ukweli, tulipiga makofi. Vitu vyake vilikuwa vimefunikwa turubai, vikavu. Mikeka, magodoro ya sufi, vitanda vya kamba. Vitu vya marehemu, na sisi tunashangilia kwamba vitawaka vizuri.

Katikati yake nililiona blanketi. La buluu, zito, jipya kabisa, lina mstari mweupe ukingoni. Mamako alikuwa analalamika baridi ya masika kila siku. Mkono wangu ukaenda. Karisa, uliyekuwa ukimwita ami, alikuwa karibu nami. Akaniambia, “Yona, hilo ni la chokaa, liache.” Nikamjibu, “Nitalipika.” Akageuka akashika mkeka mwingine. Mimi ndiye nyapara.

Nikalitandaza juu ya boila. Na boila ile, mwanangu, niliijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana kuiangalia ndiyo kazi yangu. Niliweka kiganja juu yake. Ilikuwa vuguvugu. Ungeweza kumlaza mtoto mchanga pale akalala usingizi. Nilijua mshale haujafika hata nusu. Nilijua kwa macho na kwa kiganja, na bado nikajiambia limepikwa. Baada ya saa moja zamu yangu ikaisha, nikalikunja nikaenda nalo nyumbani. Mamako akaliweka shavuni. Akasema, “Yona, leo umeokota cha maana.”

Huko hospitali mtachemsha vyuma na vitambaa kila siku. Mtu akikwambia vimechemka kwa sababu tu aliviweka motoni, usimwamini, hata akiwa mkubwa wako. Funua uangalie mwenyewe. Basi, sitakuusia tena.

Siku hizo hizo mama yako mdogo Kache alikuja kututembelea kutoka Utange. Alileta mihogo na mbaazi. Wakazozana na mamako habari za nyanya yako, nani amchukue amtunze, na Kache akaondoka amenuna, akasema pale mlangoni, “Iko siku utanikumbuka, Kadzo.” Neno ambalo kila ndugu amemwambia nduguye. Jirani zetu walilisikia.

Siku ya kumi na mbili au kumi na tatu tangu lile blanketi, mamako akaamka na homa na mgongo unamuuma. Kisha usoni malengelenge yakaanza kutoka. Wewe tukakupeleka kwa Karisa usiku uleule. Bwana afya akaja na karani wake, wakaifunga nyumba, wakanisimamisha nje na jirani wamejaa uani. Bwana afya akaniuliza, “Kuna kitu chochote kilichoingia nyumba hii kutoka nje?” Nikasema hakuna. Akaniuliza, “Na mtu?”

Nikasema, “Shemeji yangu alikuja. Kutoka Utange.”

Hapo ndipo, Sidi. Watu wanadhani maneno ya uchawi yalianzia kwa wanawake kisimani. Yalianza kinywani mwangu. Karani akaandika kwamba ugonjwa uliletwa na mgeni, jirani wakasikia, wakaunganisha na lile neno la mlangoni, na kufika Jumapili ilikuwa imeshakamilika kwamba Kache amemwendea dadake kwa mganga. Mimi niliwasikia. Nilikuwa na nafasi ya kusema siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Ningefukuzwa kazi, na pengine ningefungwa. Lakini usidhani ni hilo tu lililonifunga mdomo. Niliona aibu. Niliona bora watu wamwone mwanamke mwingine mchawi kuliko wanione mimi mwokota taka niliyemfunika mke wangu ndui.

Kache alisikia kwamba dadake anaumwa, akaja. Alisikia pia anavyosemwa, na akaja vilevile. Hakuwa amechanjwa. Askari aliyewekwa mlangoni alimwambia akiingia hatoki, naye akaingia. Siku tisa alimuuguza mamako, akimpangusa na kumnywesha uji kwa kijiko. Mimi niliyechanjwa, ambaye ndui isingenigusa, nilisimama nje nikapitisha maji dirishani. Watu walisema maskini Yona anakufa kwa huzuni. Sikuingia kwa sababu sikutaka kuliona lile blanketi juu yake.

Mamako alipofariki, Kache naye akalala kwa ndui. Yeye alipona. Jicho lake la kushoto likapofuka na uso ukawa ule unaoujua. Na watu wakasema, mnaona sasa, uchawi umemrudia mwenyewe. Mchumba wake akaghairi. Kanisani wazee wakamwambia akae nyuma, na baadaye wakamwambia asije. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokaa mkutano ule. Nilitazama viatu vyangu.

Vitu vya nyumba yetu vilikuja kuchukuliwa na lori la chokaa, vikaletwa kwangu kazini. Nililinasa lile blanketi kwa kulabu yangu mwenyewe, nikalisukuma mpaka ndani. Liliwaka vizuri, maana lilikuwa kavu. Mshale ukapanda. Injinia akasema, “Leo vizuri, Yona.” Magharibi taa za kambi zikawaka zote kwa pamoja, nikaziona, nikaenda nyuma ya lundo la taka nikatapika mpaka nyongo. Toka siku hiyo taa za umeme nazigeuzia uso. Vita vilipoisha mafuta yakarudi, tanuri likafungwa, na watu wote huku wakashukuru harufu imekwisha. Mimi nilioga kwa ndimu miaka mitatu baada ya hapo, na harufu haijatoka. Najua haiko kwenye ngozi.

Sasa nifike kwako. Ulipokuwa na miaka kumi, mama yako mdogo alikushonea gauni la Krismasi, akatembea nalo kutoka Utange mpaka kivukoni, na kutoka kivukoni mpaka hapa. Ulimtupia uani. Ukamwambia, “Kavae wewe, mchawi.” Alilikung’uta mchanga, akalikunja, akaondoka. Nilikuwa nimekaa hapa hapa nilipokaa sasa. Ungekuwa umemtukana mtu mwingine yeyote ningekuchapa. Badala yake nilikununulia soda.

Na wiki iliyopita Karisa alipoleta salamu kwamba Kache anaomba kuja kukuaga, ulisema, “Asikanyage hapa, nitaondoka na mikosi.” Ulisema ukiwa unapiga pasi, hata hukuinua macho. Nikakohoa. Nilikutazama pale, msichana mkubwa, mwenye huruma kwa kila mtu, anayelia kuku akichinjwa, nikaona ile chuki nimeipanda mimi na nimeimwagilia maji. Wewe huna kosa. Umempenda mamako, na ukaambiwa nani amemuua. Unaondoka kwenda kuuguza wagonjwa na umebeba uongo wangu kifuani. Ndilo lililonizuia kula.

Jana nilipokwambia nakwenda mjini, nilikwenda Utange.

Nilimkuta amekaa mlangoni anasuka ukili. Nikapiga hodi, akasema, “Karibu, shemeji,” bila kushangaa, kana kwamba mimi hupita kila wiki. Akavuta leso kufunika lile jicho. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, lori na boila na bwana afya. Mikono yake ilikuwa inasuka, inasuka, mpaka nilipofika kwenye blanketi ikaacha.

Akaniuliza, “Lile la buluu?”

Nikasema, “Ndilo.”

“Nilikuwa namfunika nalo. Akitetemeka sana nalala naye humo humo, tunajifunika pamoja.”

Akauweka ukili kando, kisha akasema maneno ambayo nitakufa nayo, Sidi. Alisema, “Miaka minane, shemeji. Mwanzo nilijua si mimi. Lakini watu wote wakisema, na wewe mwenyewe umenyamaza, nikasema labda. Labda nilimwombea mabaya moyoni bila kujua, siku ile ya kuzozana. Nimekuwa nikilala nikimwomba dada msamaha.”

Umesikia? Aliamini. Mwanamke aliyeingia katika nyumba ambayo mimi niliogopa kuingia, nimemfanya aamini kwamba yeye ndiye aliyemuua dadake.

Nilipiga magoti pale mchangani, mtu mzima na mvi zangu, nikataka kumshika mkono. Akauondoa. Hakunisamehe, wala sitaki ufikiri amenisamehe. Akasema, “Inuka, watu wanapita. Wewe sina haja nawe. Umemwambia mtoto?” Nikasema bado. Akasema, “Basi umekuja hapa kutua mzigo wako wewe. Nenda kamwambie mtoto.”

Ndiyo maana nakwambia. Jumapili nitasimama kanisani mbele ya wale wazee niyaseme haya haya, na kama watanitoa mimi nitatoka. Karisa ameshakubali kusimama nami, maana naye amenyamaza miaka yote kwa ajili yangu. Lakini Jumapili wewe utakuwa bara, na mimi sikutaka uyasikie kwa barua ya watu wengine.

Ukitaka usinipe mkono kesho, usinipe. Ukitaka usiniandikie, mwambie Karisa tu kwamba umefika salama, ataniambia. Nitakubebea sanduku lako vilevile mpaka ndani ya behewa, na sitakuuliza neno. Chuki ile uliyonayo ina mwenyewe, ndiye mimi, nami nimekuonyesha nyumba yake. Lakini ichukue polepole, mama. Uliyokuwa nayo imekuchosha, na ulikuwa mtoto.

Nilipokuwa natoka Utange, Kache aliniita nimeshafika njiani. Akaniuliza gari linaondoka saa ngapi. Nikamwambia. Akasema, “Nitakuja stesheni. Nitasimama mbali, kwenye tangi la maji. Sitamsogelea. Akinijua, haya, na asiponijua nitamtazama akiondoka, nirudi zangu.”

Mimi siwezi kumwita. Sina uso wa kumwita mbele za watu. Wewe unao. Ukimwona pale na leso yake, mwite mama mdogo, mwite kwa sauti, stesheni nzima ya Changamwe isikie.

Ni mimi babako,
Yona